Mpango wa taifa unavyopangwa, na mahali ombi la kijiji chako linapopaswa kufika

Kuta za zahanati ya kijiji chetu, huku mkoani Iringa, zilisimama bila paa kwa miaka mitano. Tulizijenga kwa nguvu zetu wenyewe: kila kaya ilitoa matofali ya kuchoma, vijana wakasomba mchanga kutoka mtoni, akina mama wakabeba maji, na fundi wa hapo hapo kijijini akazipandisha hadi kwenye lenta. Misimu mitano ya mvua ikazinyeshea, ukungu wa Juni ukaziotesha kuvu, na mbuzi wa jirani wakawa ndio wagonjwa pekee waliolazwa humo. Wakati huo nilikuwa mjumbe wa serikali ya kijiji na wa kamati yake ya fedha, uchumi na mipango, kwa hiyo aibu ile ilikuwa yangu kabla ya kuwa ya mtu mwingine.

Kosa letu lilikuwa kuamini kwamba mpango ni ahadi. Mara mbili tulijipanga barabarani, tukasimamisha msafara wa kiongozi, tukaimba, tukamkabidhi barua. Mara zote mbili tulijibiwa kwamba jambo limesikika na litafanyiwa kazi, nasi tukarudi nyumbani tukiwa na furaha ya watu waliokwisha pewa mabati. Mwaka wa tano nilipanda basi kwenda makao makuu ya halmashauri kumwona afisa mipango. Alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa zamani. Alinisalimu kwa heshima, akafungua mfumo wa PlanRep ambao halmashauri hutumia kuandaa mipango na bajeti, akanigeuzia kompyuta. Kijiji chetu kilikuwa na mistari miwili tu: madawati, na matundu ya vyoo vya shule.

"Mwalimu," akasema, "hilo jengo kwenu lipo, lakini huku kwetu halipo. Na kisichokuwemo kwenye mpango hakina fungu."

Niliketi naye kwa zaidi ya saa moja. Niliyoyasikia siku ile, pamoja na niliyojisomea baadaye, ndiyo ninayotaka kukuwekea hapa wewe uliyechaguliwa juzi kuwa mjumbe, au kijana unayelalamika kila siku kwamba serikali haioni. Inaona kupitia meza zake, na meza hizo zina mpangilio na zina majira.

Tuanzie juu, maana watu wengi hudhani huko ndiko mabati yanakogawiwa. Nchi yetu ilianza kupanga maendeleo kwa mpango rasmi mara tu baada ya Uhuru: kwanza kwa mpango wa miaka mitatu, kisha kwa Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano ulioanza tarehe 1 Julai 1964. Mpango huo ulijiwekea malengo ya kufikiwa mwaka 1980, yaani wastani wa pato la mtu upande kutoka pauni 19 hadi pauni 45, taifa lijitosheleze kwa wataalamu wake, na umri wa kuishi ufike miaka 50. Mimi huyapenda malengo yale kwa sababu yanahesabika. Mtu yeyote angeweza kusimama mwaka 1980 na kuuliza tumefika wapi.

Tume ya Mipango, kama chombo chenye jina hilo, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1989. Chini ya kazi zake ilipatikana Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, iliyotaka nchi ifike uchumi wa kipato cha kati, daraja ambalo Benki ya Dunia ilitupandisha kwenye ngazi yake ya chini mwezi Julai 2020. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2015, kazi ya kupanga iliwekwa nyumba moja na kazi ya fedha katika Wizara ya Fedha na Mipango. Sheria mpya ya mwaka 2023 ikairudisha Tume chini ya Ofisi ya Rais, na Rais mwenyewe ndiye mwenyekiti wake. Zanzibar ina tume yake na dira yake, jambo ambalo sisi wa bara hulisahau tunaposema "mpango wa taifa" kana kwamba ni karatasi moja.

Kuhama huko kutoka ofisi moja kwenda nyingine si jambo la makaratasi tu, na mkazi wa Nyanda za Juu Kusini analielewa kuliko anavyodhani. Ukitazama upande wa shamba la miti la Sao Hill unaona misindano (mipaina) iliyopandwa na watu ambao wengi wao hawakuishi kuivuna. Chini ya mteremko huo huo unaona mahindi yanayovunwa baada ya msimu mmoja. Anayesimamia fedha ni mtu wa mahindi: anauliza mwaka huu kuna nini ghalani na nani anadai. Anayepanga ni mtu wa misindano: anauliza miaka 20 ijayo tutakuwa na nini, na kwa ajili hiyo leo tupande wapi. Wakikaa nyumba moja chini ya baba mmoja, mwenye deni la leo hushinda, kwa sababu mdai amesimama mlangoni na miaka 20 haipigi hodi. Kwa maoni yangu kutenganishwa kwao kulikuwa uamuzi mzuri, ingawa tofauti yake itaonekana tu ikiwa mtu wa misindano atapewa sauti hata mwaka ambao ghala halijajaa.

Kazi ya Tume, basi, ni kuandaa dira na mipango ya muda mrefu na ya kati, kuishauri serikali kuhusu uchumi, kufanya tafiti, na kufuatilia iwapo wizara na taasisi zinatekeleza kilichopangwa. Dira ya 2050, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 17 Julai 2025, inalenga uchumi wa dola trilioni 1 na wastani wa pato la mtu la dola 7,000 ifikapo mwaka huo. Dira hugawanywa katika mipango ya miaka mitano mitano. Wa tatu katika mfululizo wa sasa ni ule wa 2021/22 hadi 2025/26. Mpango wa miaka mitano nao hukatwa katika mipango ya mwaka mmoja mmoja, na bajeti hujibu mpango wa mwaka. Katiba, katika ibara ya 63, imelipa Bunge mamlaka ya kujadili na kuidhinisha mpango wa muda mrefu au mfupi unaokusudiwa kutekelezwa nchini.

Sasa tazama jambo moja. Katika ngazi yote hiyo hakuna mahali ambapo zahanati ya kijiji chetu inaweza kutajwa kwa jina. Tume huandika kwamba huduma za afya ya msingi ziwafikie wananchi. Haiandiki kwamba mabati yapelekwe kwenye kuta zetu. Hata miradi mikubwa inayotajwa kwa jina, kama chuma cha Liganga na makaa ya mawe ya Mchuchuma kule Ludewa, imekuwa ikitajwa mpango baada ya mpango tangu ule wa 2011/12, jambo linaloonyesha kwamba kutajwa nako si kuchimbwa. Aliyetaka kupeleka barua yetu Dodoma kwenye Tume, na alikuwepo, angepoteza nauli.

Kuta zetu zilipaswa kuingia kwa mlango wa chini, na mlango huo una historia yake. Mwaka 1972, wakati wa Madaraka Mikoani, halmashauri za wilaya zilifutwa na upangaji ukawekwa mikononi mwa watumishi wa serikali kuu waliopelekwa mikoani. Sheria za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, na ile Na. 7, inayohusu mamlaka za wilaya, ndiyo inayokipa kijiji serikali yake na mkutano wake mkuu wa wakazi wote waliotimiza miaka 18. Ombi halali la maendeleo huzaliwa kwenye mkutano huo. Likipitishwa hapo, huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha halmashauri ya wilaya ambako wataalamu hulichambua na madiwani huliamua, kisha hupita katika kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ambazo hushauri tu, ndipo mipango yote ya halmashauri ielekee Dodoma.

Majira ndiyo yaliyotushinda zaidi ya ngazi zenyewe. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na Bunge hukaa kwa ajili ya bajeti kuanzia Aprili hadi Juni, kwa hiyo sisi tulizoea kupaza sauti Mei, tulipoanza kuwasikia wabunge redioni. Mei ni kuchelewa mno. Mwongozo wa kuandaa mpango na bajeti hutoka karibu na mwezi Novemba, halmashauri hukamilisha makadirio yake kati ya Januari na Februari, na kata hukutana kabla ya hapo. Maana yake ni kwamba mkutano wa kijiji unaopanga vipaumbele unatakiwa kufanyika Septemba au Oktoba, wakati mashamba yanasafishwa tu na mvua haijaanza. Usikubali usogezwe hadi Januari. Januari watu wako kwenye palizi, na wasio kwenye palizi wako kwenye ulanzi, pombe ya mianzi, na mkutano wa watu waliokwisha kunywa ulanzi una wajumbe wengi na hoja chache.

Tulifanya wetu Oktoba, saa tatu asubuhi, na bado tukakosea. Mtendaji aliandika vipaumbele 11, kila kitongoji chake, ili asimuudhi mtu. Kata ikaturudishia muhtasari ikasema mwenye vipaumbele 11 hana kipaumbele. Mkutano wa pili ulikuwa mkali: watu wa bondeni walitaka daraja, wa juu walitaka maji, na mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu iwapo zahanati naitaka kwa sababu nyumba yangu iko karibu nayo. Kilichotuokoa ni jambo nililokuwa nimeambiwa na yule afisa mipango: barabara na madaraja ya vijijini yako chini ya TARURA tangu mwaka 2017, na maji vijijini yako chini ya RUWASA iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019. Wakala hizo zina mipango na mafungu yake. Daraja na maji havikuwa vikigombea mlango mmoja na zahanati. Tukaandika barua mbili kwa wakala hizo, tukazipitisha kwa diwani, na katika orodha ya halmashauri tukabakiza zahanati kuwa ya kwanza na darasa kuwa la pili. Ukiona kijiji chako kinagombana, kagua kwanza kama ugomvi wenyewe ni wa lazima.

Pia tulibadilisha namna ya kuandika. Barua za msafarani zilisema "tunaomba msaada." Muhtasari mpya ulisema idadi ya kaya, ulitaja kilomita 11 anazotembea mjamzito hadi kituo cha karibu, ulithamini matofali na kazi ambavyo wananchi walikwisha kuchangia, na ulisema kinachopungua ni paa, sakafu, milango na madirisha. Sera ya afya tangu mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 ilitaka kila kijiji kiwe na zahanati, na tuliitaja. Mwenye kupanga hana muda wa kuhurumia. Ana muda wa kuona kwamba shilingi yake ikiwekwa kwako itakamilisha jambo ambalo tayari amelielekeza mwenyewe kutoka juu.

Mhandisi wa halmashauri alikuja mwezi Machi, akapima, akatuambia fundi wetu hakufuata ramani ya serikali. Chumba cha kujifungulia kilikuwa chembamba na ukuta mmoja ulilazimika kubomolewa. Hilo liliniuma kuliko miaka mitano ya kusubiri. Nakushauri kwa moyo wote: kabla ya kuinua tofali la kwanza la darasa, zahanati au nyumba ya mtumishi, nenda halmashauri ukaombe ramani na mtu wa kukagua kiwanja. Ukuta uliobomolewa utaulipia kwa jasho la watu ambao mara nyingine hawatajitokeza.

Fungu lilitengwa mwaka wa fedha uliofuata, likaja nusu, nusu nyingine ikaja mwaka wa pili. Kutengwa na kupokelewa ni mambo mawili, kwa hiyo kila robo mwaka tulimwomba mtendaji abandike kwenye ubao wa matangazo kilichoingia na kilichotumika, na alipochelewa tuliuliza kwenye mkutano mkuu, ambao kisheria unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu.

Katika kipindi hicho tulibadilishiwa watendaji wawili, na yule wa kwanza alipohamishwa, jalada la muhtasari wetu halikuonekana tena. Tangu hapo muhtasari wa mkutano wa Oktoba husainiwa na mwenyekiti na mtendaji katika nakala tatu, kila nakala ikiambatishwa karatasi ya mahudhurio. Moja hubaki ofisini, ya pili huchukuliwa na diwani, na ya tatu hulala ndani ya sanduku la vicoba la akina mama, lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu wasioishi kitongoji kimoja.