Usitoe hata mia kabla hiyo rubi haijapimwa kwenye maji

Mkuu USILIPE. Uzi wako nimeusoma wote, unataka kuandika utafiti wa mawe na mitishamba, wazee wanaamini nini na sayansi inasemaje, umeuliza uanzie wapi, dawa uzikusanye vipi, vitabu gani uviamini. Sawa. Ila mimi nimekwama pale uliposema kuna mzee huko Igoma, Mwanza, anakuuzia rubi (kile kito chekundu) ya mfano na ameshaikwaruza kwenye chupa ya bia mbele yako ikaacha mstari. Daah. Huo mstari naujua.

Mimi nilikwaruziwa chupa ya soda. Dalali mmoja hapahapa mjini, kanzu nyeupe, mdomo mtamu, akanambia hili ni jiwe la jua, linaongeza damu, ukililoweka usiku ukanywa maji yake asubuhi presha inashuka, na mimi nipo na daftari naandika tu huku nameza mate. Nikatoa hela iliyokuwa ya mashine ya boti. Mke wangu hadi leo lile jiwe analiita "mashine", wageni wakija anawauliza niwaletee mashine muione? Nacheka nao, nifanyeje.

Chupa kukwaruzika haimaanishi kitu kabisa. Kwenye kipimo cha ugumu wa mawe, kinachoenda 1 hadi 10, kioo ni kama 5 na nusu, rubi ni 9, lakini kwatzi ni 7, na kwatzi ni lile jiwe la kawaida wachimbaji wa Geita wanaiponda watoe dhahabu, tele. Yule kanjanja aliniuzia kwatzi iliyopasuliwa nyufa kwa moto kisha ikanyweshwa rangi nyekundu. Nimejuaje? Shemeji alikuwa anafuta kucha, nikachovya pamba kwenye asitoni yake nikasugua jiwe, pamba ikatoka ya waridi. Shemeji akanyamaza, mimi nikanyamaza. Halafu lilikuwa na gramu 8, yaani karati 40, hebu fikiria rubi safi ya karati 40 inauzwa uchochoroni na mtu anayekuomba nauli ya kurudi nyumbani! Hesabu ya darasa la tano hiyo, nilikuwa wapi sijui.

Na utapeli wenyewe wa kale. Mrumi mmoja, Pliny, karibu miaka 2,000 iliyopita alishalalamika kwamba watu wanatia kristali rangi wauze kama zumaridi, akasema hakuna udanganyifu wenye faida kuliko huo. Ningemsoma yeye kabla ya kanzu nyeupe ningekuwa na boti inayotembea.

Fanya hivi. Tafuta mizani ya sonara, pima jiwe kavu, andika. Kisha weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini, soma namba. Gawanya uzito wa kwanza kwa hiyo namba. Rubi inakupa kama 4, kwatzi 2.65, kioo cha kawaida 2 na nusu hivi. Langu la gramu 8 lingekuwa rubi lingesoma gramu 2 ndani ya maji, likasoma 3. Ikitoka 4 bado usishangilie, ganeti nyekundu, kito kingine kabisa, inaweza kufika hapo, na rubi ya kutengenezwa kwa moto, ambayo Mfaransa Verneuil aliitangaza 1902, ina uzito uleule, hiyo mpaka wataalamu wa kituo cha jemolojia (elimu ya vito) Arusha waiangalie. Ila maji yanakuondolea matapeli wengi bure.

Umeuliza pia kama imani za wazee zina maana kwenye utafiti. Zina maana ukizipima. Al-Biruni, msomi wa karne ya 11, aliandika kuhusu mawe na dawa pia, na mawe aliyapima kwa maji. Watu walisema nyoka akiona zumaridi anapofuka, yeye akamjaribu nyoka kwa zumaridi miezi 9, joto na baridi, nyoka anaona vizuri tu.

Na maji ya jiwe usinywe, wala usimpe mgonjwa wa presha aache vidonge. Kuna mawe mekundu yana zebaki ndani.

Mitishamba uliuliza nini tena? Aje mwingine amjibu jamaa, mimi hasira zimenijaa. Kesho asubuhi nipo Mwaloni Kirumba kwenye dagaa, mizani nakuja nayo. Mwambie mzee wako aje na jiwe lake, na pesa yako iache nyumbani.