Jibu: Je, Sebenza inastahili bei yake?

Ndugu, umeuliza kwa nini ulipe mamia ya dola kwa Sebenza, kisu cha kukunja cha mtengenezaji Chris Reeve, wakati visu vya bei nafuu navyo vina chuma kizuri. Chuma kiweke pembeni kwanza. Fungua kisu polepole, kisha usukume ubapa kushoto na kulia: ubapa haupaswi kucheza hata kidogo. Kifunge, uangalie kwa juu. Ubapa ulale katikati kabisa ya mpini. Halafu tazama loki, yaani kinachozuia ubapa usijifunge ukiwa wazi. Ni ulimi uliokatwa kwenye mpini wenyewe wa titaniamu, unaoingia nyuma ya ubapa. Ubunifu huo ni wa Reeve, na wengi wameuiga. Urembo hakina, na ndiyo maana nakipenda: "sebenza" kwa Kizulu ni kufanya kazi.