Maswali yenu: panya, kibofu na ugonjwa wa MS

Toleo lililopita niligusia maltipo sklerosisi, yaani MS: kinga ya mwili inageuka na kushambulia ala ya mafuta inayofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Nikasema panya wa maabara nao husumbuliwa na mkojo kama wagonjwa. Meseji zikamiminika.

Sisi huku Newala panya ni kitoweo. Sasa unasema wana maradhi ya watu! Tuache?

Mpikeni vizuri tu. Panya wa shambani haugui MS. Hawa wa maabara husababishiwa kitu kinachofanana nayo. Huchomwa sindano yenye kipande cha protini ya ile ala pamoja na kichocheo cha kinga, kisha sumu ya bakteria wa kifaduro. Baada ya wiki mbili hivi mkia unalegea, halafu miguu ya nyuma. Mzizi wa njia hii ni kazi ya Thomas Rivers huko New York mwaka 1933, naye alitumia tumbili.

Panya hasemi. Mnajuaje kama anasumbuliwa na mkojo? (Mikindani)

Swali hili nimelipenda. Anawekwa kwa saa chache kwenye kizimba kilichotandikwa karatasi ya kuchujia. Karatasi ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno, mkojo unang'aa. Mzima huacha madoa machache makubwa, mara nyingi pembeni, maana panya naye hapendi kulalia mkojo wake. Mgonjwa hujaza karatasi vidoadoa, huku na kule. Wapo wa kinyume: karatasi kavu, tumbo limevimba, na mhudumu inabidi alibonyeze taratibu kwa vidole mkojo utoke. Kuna mtego hapa. Dume mwenye afya naye hutapanya matone kuweka mipaka yake, ndiyo maana watafiti wengi huchagua majike. Wakitaka uhakika hupitisha mrija mwembamba kwenye kibofu, wanakijaza maji ya chumvi polepole na kupima presha. Hapo ndipo unaona kibofu kinajikunja kabla hakijajaa.

Mdogo wangu ana MS. Anakimbilia choo kila mara, akifika hakitoki kitu. (Lindi mjini)

Pole, dada. Ili mtu akojoe, kibofu kijikunje na msuli wa mlangoni ulegee, kwa amri inayoshuka kutoka shina la ubongo kupitia uti wa mgongo. Njia hiyo ikiharibika, vyote viwili hukaza kwa pamoja. Ni kama mtu anasukuma mlango na mwenzake ameuegemea upande wa pili. Mkojo unabaki, bakteria wanazaliana. Mwambie daktari apime kwa ultrasaundi mkojo unaobaki kabla ya kumwandikia dawa za kutuliza kibofu kama oksibutinini, kwa sababu zinaweza kuuongeza. Ukiwa mwingi, atafundishwa kujitoa mkojo kwa mpira. Na asijinyime maji, kosa ambalo wengi hulifanya.

Mwanangu anamalizia mkojo kwa damu. Ndiyo MS hiyo? (Kilwa)

Hapana, mama. Mpeleke akapimwe kichocho, tena leo. Ukanda wetu kinajulikana sana, na dawa yake, prazikwanteli, ipo. MS yenyewe haitoi damu kwenye mkojo, na ni nadra kwa watoto.

Dawa ikimponya panya, si itamponya na mtu? (Mwanafunzi, Masasi)

Mara nyingine, ndiyo. Glatirama, dawa ya MS iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1996, ilitokana na majaribio ya aina hii kwa wanyama. Lakini kuzuia kemikali ya uvimbe iitwayo TNF kuliwapa panya nafuu, na wagonjwa walipojaribiwa, mashambulizi ya ugonjwa yakaongezeka. Kwenye kibofu mimi ningekuwa mwangalifu zaidi: panya huugua kwa wiki chache, na madhara yake mengi yako kwenye uti wa mgongo, ilhali mtu huishi na MS miaka mingi na ubongo wake nao umeguswa.