Mwanangu hana mwalimu wa elimu maalumu, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naishi Mbagala. Mwanangu ana miaka minane, yuko Darasa la Pili shule ya serikali. Hasemi sawasawa, hatulii kwenye dawati, na mara nyingine ukimwita haitiki. Darasani wako zaidi ya mia, mwalimu mmoja. Mwalimu mkuu ananiambia nisubiri serikali ilete mwalimu wa elimu maalumu. Mwaka umepita. Je, serikali inalazimika kumleta? Na naweza kumlipa mtu akae naye darasani?

JIBU: Marahaba, mama. Nikuulize kwanza: kuna aliyeomba huyo mwalimu, kwa maandishi?

Nauliza kwa sababu walimu wa serikali hugawanywa kwa ikama, yaani idadi ya walimu ambayo shule inastahili kuwa nayo, na ikama hujengwa na takwimu zinazotoka shuleni. Kipimo cha shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa lenu la zaidi ya mia linasomeka huko juu kama upungufu wa walimu wa kawaida, basi. Mwanao akiwa ameandikishwa kama mtoto mwingine yeyote, bila kuonyeshwa kwenye fomu za takwimu kuwa ana mahitaji maalumu, hakuna afisa wa Manispaa ya Temeke wala wa TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, anayejua kuwa shule hiyo inahitaji mtaalamu. Nafasi za walimu wa elimu maalumu zikitangazwa, zitakwenda kwenye shule zilizoomba na zenye vitengo, yaani madarasa ya watoto wenye mahitaji maalumu ndani ya shule ya kawaida.

Kuhusu kulazimika: ndiyo, sheria ipo upande wako. Kifungu cha 27 cha Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 kinampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kuandikishwa shule kama wengine, na kupata huduma za kumsaidia kujifunza kutoka kwa mwalimu mwenye sifa au mwalimu aliyepangiwa kazi hiyo. Hayo maneno ya mwisho yasome mara mbili. "Aliyepangiwa kazi hiyo" maana yake si lazima mngoje ajira mpya. Wapo walimu waliosomea elimu maalumu chuo cha ualimu Patandi, Arusha, au vyuo vikuu, wakapangwa shule za kawaida na leo wanafundisha Hisabati. Mkurugenzi wa manispaa anaweza kumhamisha mwalimu wa namna hiyo ndani ya halmashauri. Mimi ningeomba hilo, kwa sababu kibali cha ajira huchukua muda na hakiko mikononi mwa shule.

Lakini kabla ya barua, mpime mtoto. Na uanzie masikioni. Umesema haitiki akiitwa. Watu wakisikia hivyo siku hizi wanarukia usonji (autism). Yaweza kuwa usonji. Yaweza pia kuwa hasikii vizuri. Niliwahi kufundisha mtoto aliyeitwa mzito miaka miwili, kumbe masikio yalikuwa yakitoa usaha tangu akiwa chekechea. Alipotibiwa na kuhamishiwa dawati la mbele, alianza kusoma. Basi nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Temeke, uombe apimwe masikio na macho. Yakiwa salama, uliza rufaa ya Muhimbili kwa wataalamu wa afya ya akili ya watoto. Kila karatasi utakayopewa, toa nakala.

Ukishapata majibu, andika barua kwa mwalimu mkuu, nakala kwa afisa elimu kata na kwa afisa wa elimu maalumu wa manispaa. Omba mtoto aingizwe kwenye takwimu kwa aina ya uhitaji wake, omba apangiwe mwalimu hata kwa uhamisho wa ndani, taja kifungu hicho cha 27, na ambatisha karatasi za hospitali. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usimwendee mwalimu mkuu kwa shari. Mara nyingi barua ya mzazi ndiyo inayompa nguvu ya kuomba. Kama kuna wazazi wengine wenye watoto kama wako, sainini pamoja, maana watoto watano au sita ni hoja ya kufungua kitengo.

Wakikuambia umhamishe, usikatae papo hapo. Msimbazi Mseto kuna kitengo cha watoto wenye usonji, Uhuru Mchanganyiko pale Kariakoo ina uzoefu wa miaka mingi na watoto wenye ulemavu mbalimbali, na ikithibitika kuwa hasikii kabisa ipo Buguruni Viziwi. Tatizo ni njia. Mtoto asiyetulia, saa kumi na mbili asubuhi, ndani ya daladala iliyojaa Barabara ya Kilwa: hilo lipime wewe mwenyewe kabla hujasema ndiyo.

Msaidizi wa kulipwa si mtumishi wa shule, kwa hiyo usimwingize darasani kienyeji. Pata ruhusa ya mwalimu mkuu kwa maandishi, yeye na mwalimu wa darasa wamjue, na kazi yake iwe kumsaidia mtoto kufuata somo. Nimeona wasaidizi wanaomtoa mtoto nje akicheza hadi kengele inalia, mzazi analipa. Kama fedha ni ya shida, anza na kuomba akae mbele, karibu na mwenzake mtulivu, na apewe kazi fupi fupi badala ya ukurasa mzima.

Tena usiache hili lifike Darasa la Nne. Kwenye upimaji wa taifa watahiniwa wenye mahitaji maalumu hupewa nafuu, ikiwemo muda wa ziada, lakini shule ndiyo inayowaombea wakati wa usajili. Kama shule haijamtambua, atakaa kwenye chumba na muda uleule wa wengine.