Kabla ya Kumeza Kidonge cha Safari, Lijue Jina Lake

Nimezaliwa Pemba, kazi ninafanya Dar es Salaam, na tangu utotoni mimi ni miongoni mwa wale ambao bahari huwalevya. Kila yanapoingia majira ya kusi, hasa kuanzia Juni hadi Agosti ambapo mkondo wa Nungwi huchafuka, jamaa na majirani hunipigia simu kuulizia dawa ya kuzuia kigegezi, na karibu wote huanza na swali la idadi: nimeze kimoja au viwili? Mimi huwauliza kwanza kidonge walichonunua kinaitwaje, na wengi hushindwa kujibu. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo, kwa sababu saa ya kumeza, umri unaoruhusiwa, dawa zisizofaa kuchanganywa nacho na muda wa kukaa mbali na usukani, vyote hutegemea jina hilo.

Siwalaumu. Katika maduka mengi vidonge hukatwa kutoka kwenye karatasi yake au hutolewa ndani ya kopo, vikatiwa katika kibahasha kilichoandikwa "1x1" basi. Mteja huondoka bila jina la dawa, bila kipimo cha miligramu na bila tarehe ya mwisho ya matumizi. Nawaomba wasomaji wamwambie muuzaji, kwa adabu lakini bila kuona haya, aandike mambo hayo matatu juu ya bahasha mbele yao, na iwapo hajui au hataki, waende duka jingine lililosajiliwa lenye mfamasia au mtoa dawa aliyesomea kazi hiyo. Vidonge visivyo na pakiti vinavyotembezwa mikononi bandarini au stendi, mimi sivinunui hata kama boti inakaribia kung'oa nanga.

Kigegezi cha safari hutokea pale ubongo unapopokea habari zinazopingana: sikio la ndani linahisi chombo kinapanda na kushuka, ilhali macho yaliyokazwa kwenye simu au kiti cha mbele yanaarifu kwamba hakuna kinachosogea. Dawa nyingi za kuzuia hali hiyo zimo katika jamii ya dawa za zamani za mzio, nazo hufanya kazi kwa kuingia ndani ya ubongo na kutuliza sehemu inayopokea ishara hizo. Usingizi unaomshika mtu baada ya kuzimeza unatokana na kuingia huko huko. Ndiyo maana setirizini na loratadini, ambazo ni dawa za mzio zinazopendwa kwa kutoleta usingizi mwingi, hazimfai msafiri, na anayezitafuta kwa matumaini ya kubaki macho ataishia kutapika akiwa macho.

Promethazini, inayofahamika sana kwa jina la Phenergan, kwa kawaida mtu mzima humeza miligramu 25 usiku wa kuamkia safari, au saa moja hadi mbili kabla ya kuondoka. Sinarizini humezwa miligramu 30 saa mbili kabla, kisha miligramu 15 kila baada ya saa nane ikiwa safari ni ndefu, na haimfai mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson. Meklizini humezwa miligramu 25 hadi 50 saa moja kabla. Mimi nikiwa na shughuli za kufanya baada ya kushuka hutumia sinarizini, kwa kuwa promethazini huniacha mzito wa kichwa mpaka siku ya pili yake; mwingine anaweza kuona kinyume, na ni vyema kila mtu aijaribu dawa yake kwa mara ya kwanza nyumbani, siku ya mapumziko, kuliko kuijaribia safarini.

Zote hizo humezwa kabla ya safari, na jambo hili ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Kigegezi kikishapanda, tumbo hupunguza kasi ya kusukuma vilivyomo, kwa hiyo kidonge hukaa tumboni bila kufyonzwa au hurudi pamoja na matapishi. Boti ya kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja huchukua takribani saa mbili. Anayemeza akiwa ameshaketi atapata nguvu ya dawa wakati anakaribia kushuka bandari ya Malindi, Unguja, na usingizi wake ataumalizia barabarani. Baya zaidi, wapo ambao wakiona dawa haijawashika nusu saa baadaye huongeza kidonge cha pili, kisha vyote viwili huwakolea kwa pamoja. Kwa anayesafiri na boti ya asubuhi katika mwezi wa Ramadhani, wakati wa daku ndio wa kumeza, pamoja na maji ya kutosha, maana dawa hizi hukausha kinywa.

Ipo dawa nyingine ambayo watu huipeana wakidhani inafaa kila aina ya kutapika, nayo ni metoklopramidi, ambayo wengi tunaiita Plasil. Ina kazi zake hospitalini, lakini kwa kigegezi cha safari haina msaada wa maana, na kwa watoto na vijana inaweza kuleta mkakamao wa misuli ya shingo, taya na macho, hali inayotisha sana kuitazama. Mzazi anayemezesha mtoto Plasil ili avuke bahari anamweka mwanawe katika hatari isiyomnunulia chochote.

Nataka nikae kidogo kwenye suala la kuchanganya dawa, kwa sababu nimeliona kwa mama yangu mzazi. Tulikuwa tukielekea bandari ya Mkoani, Pemba. Mama alikuwa na mafua na asubuhi ile alikuwa amekunywa dawa yake ya mafua. Abiria mwenzetu, kwa moyo mwema kabisa, akampa kidonge cha safari. Tulipofika, mama hakuweza kusimama vizuri, maneno yake hayakuwa na mpangilio, na ilibidi vijana wawili wamshike kumteremsha ngazini. Dawa nyingi za mafua na za kikohozi zina klofeniramini, ile ile ya Piriton, ambayo ni ndugu wa promethazini, hivyo mtu huwa amemeza dozi mbili za kitu cha namna moja bila kujua. Hatari hiyo hiyo ipo kwa anayetumia vidonge vya usingizi, dawa za kifafa, dawa za maumivu makali au pombe. Wazee huelemewa zaidi: huchanganyikiwa, huyumba na huanguka. Mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kushindwa kukojoa, na mwenye presha ya macho inaweza kumpanda. Watu hawa wazungumze na daktari au mfamasia wao kabla ya kununua chochote. Mama mjamzito naye aulize kliniki anakohudhuria, akitaja miezi ya mimba yake.

Kuhusu watoto nitasema kwa ukali kidogo. Mtoto aliye chini ya miaka miwili asipewe promethazini kwa namna yoyote, kwa kuwa inaweza kudhoofisha pumzi yake hadi kumuua, na watoto wa umri huo kwa kweli ni nadra kushikwa na kigegezi cha safari. Kumpa mtoto dawa hiyo ili alale na asisumbue ndani ya basi la usiku ni jambo nimelisikia likipendekezwa na watu wazima wenye akili zao, nami naliita hatari bila kuuma maneno. Kwa waliozidi umri huo, kipimo hutolewa na mfamasia kwa kufuata umri na uzito. Kugawa kidonge cha mtu mzima kwa kisu cha jikoni si kupima dozi.

Dereva asimeze dawa hizi, iwe ni wa basi, wa gari lake mwenyewe au wa bodaboda, na anayepokelewa bandarini kisha akashika usukani ahesabiwe kuwa dereva pia.

Ndugu wanaotoka Ulaya na Marekani wakati mwingine huja na plasta ya haiosini, inayobandikwa nyuma ya sikio saa kadhaa kabla ya safari na kufanya kazi hadi siku tatu. Ni dawa kamili kama nyingine, haikatwi vipande wala haigawiwi, hubandikwa moja tu, na mikono huoshwa kwa sabuni mara baada ya kuigusa, kwani kidole chenye dawa kikigusa jicho mboni hupanuka na kuona kukawa na ukungu. Hupunguza pia utokaji wa jasho, na mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliongeza onyo kuhusu joto la mwili kupanda kupita kiasi kwa wanaoitumia. Katika joto la Unguja la Februari onyo hilo lina uzito wake.

Safari nyingine hazihitaji kidonge. Bahari ikiwa shwari wakati wa kaskazi, mimi hukaa katikati ya boti, sitaha ya chini au nyuma nje penye upepo, hutazama upeo wa macho, huacha simu mkobani na hula kitu chepesi na kutafuna tangawizi. Kwenye milima ya Lushoto au Kitonga, kiti cha mbele hunitosha.

Kigegezi kikiendelea siku nzima baada ya kushuka, au mtu akawa hawezi kuamshwa, akapumua kwa shida, shingo ikapinda au mkojo ukaziba, apelekwe hospitali mara moja, na ile bahasha iliyoandikwa jina la dawa na miligramu zake iende naye apewe daktari.