Kompresheni Gani kwa Injini ya Beetle ya cc 1776?

Ukitoa silinda za milimita 85.5 kwenye Volkswagen Beetle 1600, ukafunga za 90.5 na kuacha krenki ileile ya 69, unapata cc 1776. Kazi hiyo inajulikana, ingawa bloku na hedi hutanuliwa kwanza ili zipokee silinda hizo. Mvutano huanza kwenye kompresheni, yaani mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa mara ngapi: kiwandani injini ilitoka na 7.5 kwa 1, na kila anayetaka mbio anasikia kwamba 9 au 10 ndiyo yenye nguvu. Kwa gari la barabarani linalokunywa petroli ya kawaida, ushauri wetu ni 8.0 hadi 8.5. Kama kamshafti, shafti inayofungua vali, ni ya kiwandani, ishia 8.

Sababu ni joto. Injini hii haina maji. Hedi zake za alumini zinategemea upepo wa feni na oili tu. Kompresheni ikipanda, hedi inachemka zaidi, na mchanganyiko uliobaki pembeni mwa chemba unajilipukia wenyewe. Hiyo ndiyo nok. Kwenye gari la maji utaisikia mapema, lakini hapa feni na tapeti zinapiga kelele kiasi kwamba ukija kuisikia, madhara yameshaanza. Chomoa plagi uitazame kauri yake kwa lenzi: vichembe vinavyong'aa kama vumbi la fedha ni alumini ya pistoni yako. Baadaye huvunjika kingo za pistoni kati ya ringi, au studi za hedi zinang'oka kwenye bloku ya magnesiamu.

Usiamini namba aliyokupa muuza hedi. Pima. Kata kipande cha mviringo cha plastiki ngumu inayoonyesha, kiingie hadi pale silinda inapokalia ndani ya hedi. Ukikiweka juu ya uso wa nje utapata jibu la uongo. Toboa tundu dogo, paka grisi ukingoni, funga vali na plagi utakayotumia, kisha jaza mafuta ya taa kwa bomba la sindano lenye alama hadi mapovu yaishe. Pima chemba zote nne. Zikipishana zaidi ya cc 1, chonga zile ndogo zilingane na kubwa.

Kisha pima nafasi kati ya uso wa pistoni na mdomo wa silinda, pistoni ikiwa juu kabisa. Bana silinda kwa nati na vipande vya bomba kwenye studi, la sivyo inainuka na kipimo kinadanganya. Pima kwa kufuata mstari wa pini ya pistoni, kwa sababu upande mwingine pistoni inayumba. Tafuta milimita 1.0 hadi 1.3. Chini ya 1.0, pistoni inaweza kugusa hedi kwenye mizunguko mikubwa.

Hesabu yenyewe ni fupi. Silinda moja ya 90.5 kwa 69 ina cc 443.9. Nafasi ya milimita 1.25 ni cc 8.0. Kwa pistoni za kichwa bapa na chemba ya cc 54, jumla ya nafasi ya juu ni cc 62. Chukua 443.9, jumlisha 62, gawa kwa 62, unapata 8.2. Piga skimu hedi hiyo, yaani ichonge uso, hadi cc 48 na tayari uko 8.9.

Wengi wakiona namba imezidi huongeza shimu, ringi nyembamba za kuinua, chini ya silinda. Namba inashuka kweli, ila nafasi ikifika milimita 2 au zaidi, pistoni haisukumi tena mchanganyiko kwa nguvu kuelekea kwenye plagi, na injini ya 7.7 inaweza kugonga kuliko ya 8.3 iliyobanwa vizuri. Acha nafasi ikiwa ndogo, panua chemba. Ukigusa shimu au skimu, pima upya na urefu wa pushrodi, fimbo zinazosukuma vali.

Kamshafti ya Engle W110, inayoacha vali wazi kwa digrii 284 za krenki, huchelewa kufunga vali ya kuingizia, kwa hiyo kwenye mizunguko midogo hewa kidogo inarudi nje. Ndiyo maana inastahimili 8.5. W120 ya digrii 294 inaweza kuchukua 9, lakini hiyo inapenda mizunguko mikubwa, mjini itakuchosha.

Soma kwa uangalifu ushauri wa Wamarekani. Petroli yao ya okteni 91 inakaribia 95 au 96 kwa RON, kipimo cha okteni tunachotumia huku. Na jambo ambalo wao hawakwambii: injini iliyotulia Nairobi, mita takribani 1,700 juu ya bahari, inavuta hewa yenye mgandamizo wa kama asilimia 82 tu ya ule wa pwani. Ishushe Mombasa, kisha uipandishe Mazeras saa nane mchana ikiwa na abiria wanne, ndipo 9 kwa 1 itakapojitangaza. Chagua namba kwa mahali pa chini na pa joto zaidi ambapo gari litafika.

Ukiwasha, weka taimingi ya mwisho, yaani plagi inavyowahi kuwasha, digrii 28 mizunguko ikizidi 3,000 kwa dakika, na usivuke 30. Kipima joto kiweke chini ya plagi ya silinda namba 3, hasa kwenye injini za zamani ambazo kipoza oili kimesimama ndani ya boksi la feni na kuinyima silinda hiyo upepo baridi. Sindano ikikaribia nyuzi 230 za Selsiasi, shusha gia na punguza mguu.