Mtazamaji huiga mkono wa mwigizaji

Wiki hii mmeuliza: "Je, tamthilia za televisheni zinaweza kuwapa watu elimu ya afya, au ni burudani tu?" Zinaweza, na ushahidi upo. Twende na Wakati, mchezo wa Radio Tanzania ulioanza mwaka 1993, haukurushwa Dodoma hadi mwaka 1995 ili watafiti wapate mahali pa kulinganishia. Matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka zaidi kule ulikosikika. Nigeria nako, vijana walioonyeshwa MTV Shuga walijitokeza kupima VVU takribani mara mbili ya wenzao walioonyeshwa tamthilia nyingine.

Tatizo ni mahali tunapoliweka somo. Watayarishaji wengi humkabidhi daktari mwenye koti jeupe hotuba ya dakika mbili, na hapo ndipo mtazamaji anapoinuka kwenda kuangalia mboga jikoni. Kinachombakia kichwani ni kile alichokifanya mhusika anayempenda, na yaliyompata baadaye. Ndiyo maana Mkwaju, dereva wa lori wa Twende na Wakati, alifundisha kwa mwenendo wake na kwa UKIMWI uliompata.

Chukua tukio la mtoto anayeharisha. Mwongozaji anataka glasi kwa sababu inapendeza kwenye kamera, basi mama anamimina pakiti nzima ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) ndani ya glasi, anakoroga, anamnywesha mtoto. Hilo ni kosa la hatari: pakiti iliyoandikwa lita moja ikiwekwa kwenye glasi, chumvi inazidi mno na inaweza kumdhuru mtoto ambaye tayari amepungukiwa maji. Tukio sahihi linahitaji chupa ya lita moja ambayo lebo yake inasomeka, maji safi na salama, pakiti yote, kisha kijiko. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha. Akitapika, mama asubiri dakika kumi, aendelee kidogo kidogo kwa kijiko. Mchanganyiko uliobaki baada ya saa 24 umwagwe, na kumwaga huko kuonekane, maana mhariri wa picha hukata hapo kwanza akitafuta sekunde za kuokoa.

Vidonge vya zinki, anavyopewa mtoto anayeharisha, ndipo tamthilia inapolipita bango kwa mbali. Dozi ni siku 10 hadi 14, ila mtoto huweza kupona siku ya tatu na wazazi wakaacha. Tamthilia ina wiki kadhaa mkononi: karatasi ya vidonge ikae juu ya meza ile ile, kila kipindi ikipungua, na bibi akiuliza kwa nini mjukuu mzima bado anapewa dawa. Ubishi huo wa nyumbani una nguvu kuliko tangazo lolote.

Kifafa kinaharibiwa zaidi. Bado tunaona kijiko kikisukumwa mdomoni mwa mgonjwa, kitu kinachoweza kuvunja meno au kumkaba. Alazwe ubavu, vitu vigumu viondolewe, saa itazamwe. Degedege likipita dakika tano, akimbizwe hospitali.

Kwa hiyo muuguzi asiletwe kukagua picha zilizokwisha kupigwa, maana kurudia ni gharama na kosa litaachwa lipite. Asome muhtasari kabla mazungumzo hayajaandikwa, kisha awepo siku ya kupiga tukio lenyewe, amesimama karibu na meza ya vifaa.

Kabla ya kurusha, waonyesheni akina mama wachache sehemu hiyo, kisha warudieni baada ya siku tatu na swali moja tu: pakiti moja, maji kiasi gani? Wakijibu "glasi", tukio lipigwe upya.